Kidole cha Shahada

Jumapili hatukuwa na mwamuzi wa kukodi.
Timu inayopiga hutoa wake wawili,
ndiyo desturi yetu Moshi, timu za mchango,
na zamu ikaniangukia mimi:
koti jeupe la kuazima kwa daktari wa mifugo,
lenye doa la iodini,
na mfukoni kokoto sita,
moja kwa kila mpira, za kuhamisha
kushoto kwenda kulia nisipoteze hesabu.

Anayepiga ni Kundaeli, shemeji yangu,
kaka wa mke wangu, mwenye pikapu
iliyotubeba sote asubuhi toka Kiboriloni,
aliyenikopesha ada ya muhula wa pili
na hajaniuliza mpaka leo.

Anayerusha ni kijana wa Pasua, Anaeli,
miaka kumi na mitano labda,
raba moja imefungwa kwa kamba ya katani.
Anakimbia kama anayefukuza kuku,
halafu mkono unapanda, na mpira
unatua kwenye jamvi, unakata kona
kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.

Nilisikia.
Tik.
Si kiatu, si upepo.
Ukucha juu ya meza. Mti umegusa ngozi.
Mlinda wiketi kaudaka, mikono yote juu,
Bwana Harshad wa duka la vipuri, na tumbo lake lile, kapiga magoti:
"Vipi huyo, mwamuzi?"

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hawakucheza kriketi.
Huku kimoja kinatosha kumrudisha mtu kivulini
akavue pedi, asiulize.
Nacho ni hiki tunachokiita cha shahada.
Waliokipa jina hilo
walijua siku moja kitaitwa.

Kundaeli hakunitazama. Angenitazama, ningeweza.
Aliinama akalisawazisha jamvi kwa ncha ya gongo
kama mwenye nyumba anayesubiri mgeni aage.
Alijua. Mikono yake ilisikia kabla ya sikio langu.
Angeweza kuondoka mwenyewe; wapo waondokao.
Marehemu Ndesario aliondoka akiwa na tisini na tisa,
mwamuzi bado anapenga kamasi.

Kidole kikabaki mfukoni
kikibingirisha kokoto.
Nikasema, "Hajatoka."

Juu ya miti, Kibo nacho kilikuwa hakijatoka
tangu alfajiri. Kwa mlima
ilikuwa kweli.

Anaeli akaupokea mpira, akaufuta pajani.
"Samahani, mwamuzi," akasema,
akarudi kwenye alama yake.
Samahani!
Angetukana ningemwonya,
ningekuwa na la kufanya.

Tulishinda kwa mikimbio minne.
Shemeji peke yake hamsini na mmoja,
thelathini na minane kati ya hiyo
baada ya ile tik.

Wakati wa chai, ndoo moja, birika moja,
aliye mdogo ndiye humimina.
Akaja kwangu na maji ya vuguvugu,
nikanyoosha mikono, na maji yakapita
kidole kwa kidole,
bila kuruka hata kimoja.
"Umesimama sana juani," akasema. "Kunywa chai."
Nilikuwa na la kumwambia.
Nikamwuliza, "Raba hizo, nambari ngapi?"
"Arobaini na moja. Mimi navaa thelathini na tisa."

Kwenye pikapu waliimba mpaka Kiboriloni.
"Leo umesimama vizuri," Kundaeli akaniambia
bila kugeuza shingo.

Jumatatu mke wangu, karai mbele yake,
akipekua koti kabla ya kulifua,
lirudi safi kwa mwenyewe,
akatoa kokoto.
"Hii ya nini?"
"Ya kuhesabia."
Akaigeuza kwenye povu, upande huu, upande ule.
"Mbona imebaki moja?"